Je, wajua kwa nini Japani na Urusi hazijatia saini mkataba wa amani tangu 1945?

Kisa ni visiwa: Etorofu, Kunashiri, Shikotan na kundi dogo la Habomai, vilivyoko jirani na Hokkaido, kisiwa kikubwa cha kaskazini mwa Japani. Majeshi ya Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti (Urusi ya wakati huo), yaliviteka Japani ikiwa imeshatangaza kusalimu amri, na Wajapani wapatao 17,000 waliokuwa wakiishi huko wakapoteza makazi. Kilicho karibu zaidi kiko kilomita 3.7 tu kutoka Hokkaido. Anga likiwa safi unakiona kwa macho.

Ugomvi huu nusura uishe mwaka 1956. Moscow ilikuwa radhi kurudisha Shikotan na Habomai, na waziri wa mambo ya nje wa Japani, Mamoru Shigemitsu, alishaanza kulegea. Agosti, mjini London, akakutana na mwenzake wa Marekani, John Foster Dulles, akapewa onyo: mkiwaachia Warusi Kunashiri na Etorofu, nasi tutakuwa na haki ya kubaki Okinawa, eneo la visiwa kusini mwa Japani ambalo wakati huo ilitawaliwa na Marekani. Oktoba 19 Japani na Moscow zikatangaza kwa pamoja kumalizika kwa hali ya vita na kurejea kwa mabalozi. Suala la mpaka likabaki kiporo.

Marekani ilihusikaje? Ilikuwa enzi ya Vita Baridi, na Japani iliyopatana na Moscow isingeona tena haja kubwa ya mlinzi. Kwa maoni yangu, tangu siku ile visiwa vilikoma kuwa mali ya wagombanao wawili tu. Yule wa tatu alinufaika zaidi pasipo suluhu.

Warusi nao walijifunza hesabu hiyo hiyo. Japani ilipofanya upya mkataba wa ulinzi na Marekani mwaka 1960, Moscow iliongeza sharti: hakuna kisiwa mpaka majeshi ya kigeni yaondoke Japani. Hofu yao haikuwa ya bure, maana nyambizi zao hutoka Bahari ya Okhotsk kwenda Pasifiki kwa kupenya katikati ya visiwa hivyo.

Shinzo Abe, akiwa waziri mkuu wa Japani, alikutana na Putin zaidi ya mara 20, akarudi mikono mitupu. Machi 2022, Japani ilipojiunga na vikwazo vya vita vya Ukraine, Urusi ikasitisha mazungumzo.

Okinawa yenyewe ilirudishwa Japani mwaka 1972. Kambi za Marekani zingali huko.