Wikendi ya mbio na watu wako: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu mmoja akijiandikisha kukimbia, nyumba nzima imejiandikisha naye. Yupo wa kushika begi, yupo wa kutuliza watoto, yupo wa kusimama juani saa nzima ili amwone akipita mara moja. Lakini ushauri karibu wote huandikiwa mkimbiaji, na walioambatana naye huachiwa ya kusikia. Mengi ya hayo ya kusikia si kweli.

"Mtazamaji kazi yake ni kusimama na kupiga makofi tu."

Jaribu kumtafuta mtu wako kati ya maelfu waliovaa fulana za rangi moja, ndipo utajua kama si kazi. Shabiki mzuri hupiga hesabu. Anayekimbia kila kilomita kwa dakika 6 atafika kilomita ya 10 baada ya saa moja, atamaliza nusu marathoni kwa saa 2 na dakika kama 7, na marathoni nzima ya kilomita 42.195 kwa saa 4 na robo hivi. Ila saa hiyo haianzi mlio wa kuanzia unaposikika. Kwenye mbio kubwa watu huachiwa kwa makundi, na wa nyuma wanaweza kuuvuka mstari dakika 20 baadaye. Chipu aliyovaa, yaani kifaa kidogo cha kupimia muda wake, huanza kuhesabu anapoukanyaga mstari, si kabla. Familia nyingi huingiwa na hofu bure kwa kutojua hilo tu: "Mbona hajapita? Kaanguka?" Kumbe wala hajachelewa.

Barabara hufungwa, kwa hiyo gari halitawasaidia kumfukuzia. Chagueni sehemu mbili za kufikika kwa miguu, hasa pale njia inapokwenda na kurudi. Mpigeni picha asubuhi akiwa amevaa kila kitu, kofia na miwani, muwe na cha kulinganishia. Halafu kubalianeni jambo ambalo wengi hulisahau: mtasimama upande gani wa barabara, wa kushoto kwake au wa kulia. Akijua upande, atawaona yeye kabla ninyi hamjamwona. Mahali pa kukutana baada ya mbio papangwe tangu jana yake, mbali kidogo na mstari wa kumalizia, maana pale mtandao wa simu huelemewa.

"Mpe moyo, mwambie amekaribia."

Tafadhali, usimwambie. Kwenye marathoni, kilomita ya 30 ina maana zimebaki 12, na kwa mwendo ule wa dakika 6 hiyo ni zaidi ya saa nzima. Ni hapo hapo wengi huishiwa wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na miguu kugeuka mizito. Neno "umekaribia" hapo ni matusi. Mwite kwa jina, mwambie anaonekana vizuri, au mtajie kilomita kamili.

"Akilegea karibu na mwisho, mshike umvushe mstari."

Kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908, Mwitaliano Dorando Pietri aliingia uwanjani akiongoza, akaanguka mara kadhaa, na maofisa wakamnyanyua na kumsaidia hadi mwisho. Aliondolewa kwenye matokeo kwa msaada huo, na dhahabu ikaenda kwa Mmarekani Johnny Hayes. Mwaka 1992 kule Barcelona, Derek Redmond aliumia msuli wa paja katika nusu fainali ya mita 400, baba yake akashuka kutoka jukwaani, wakamaliza wamekumbatiana. Dunia ililia, lakini kumbukumbu rasmi zinasema hakumaliza. Kwa mkimbiaji wa kawaida medali si hoja sana. Hoja ni kwamba anayepepesuka na kuongea visivyoeleweka anahitaji wahudumu wa afya, si bega la kumfikisha mbele.

"Kama hujisikii vizuri, mpe ndugu yako namba yako ya kifuani akimbie badala yako."

Namba hiyo imefungwa na jina lako, umri wako, mara nyingi hata simu ya dharura na maradhi uliyonayo. Ndugu yako akizimia, atahudumiwa kama wewe. Waandaaji wengi wanakataza, na wanaoruhusu kubadili wana tarehe ya mwisho na utaratibu wake.

"Jana yake ale mpaka ashibe kweli kweli."

Akiba ya wanga hujazwa kwa siku moja au mbili kabla, kidogo kidogo. Sahani ya kulazimishwa usiku humfuata asubuhi hadi kwenye foleni ya choo. Chakula cha pamoja kiwe mapema, na kiwe kile ambacho tumbo lake limekizoea. Vionjo vipya viwekwe kwa ajili ya sherehe. Asipolala vizuri usiku ule pia msimtie presha, usiku mmoja hauharibu miezi ya mazoezi.

"Kadiri anavyokunywa maji ndivyo anavyokuwa salama."

Hili ndilo la hatari. Wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni mwa Boston Marathon ya 2002, na asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, yaani chumvi ya damu ilipungua kwa kuzimuliwa na maji mengi. Waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito wakiwa mbioni, yaani walikunywa kuliko walivyotoka jasho, na waliochukua muda mrefu kumaliza. Kwa hiyo msimkabidhi chupa kila kona. Anywe akisikia kiu.

"Akifika, mketisheni."

Atembee kwanza dakika kadhaa. Akisimama ghafla, damu hutuama miguuni na kizunguzungu hufuata. Mpeni fulana kavu mapema, maana mwili hupoa haraka. Akizimia, mlazeni miguu ikiwa juu na mwite wahudumu.

Maumivu ya siku zinazofuata nayo husingiziwa asidi ya laktiki inayotokea misulini mtu akijikaza, wakati laktiki huondoka ndani ya saa moja hivi. Yanatokana na misuli iliyochanika kidogo kidogo, na hufikia kilele siku ya kwanza hadi ya tatu. Matembezi ya kuzunguka kutwa yasiwekwe siku ya kabla ya mbio, yatammaliza miguu. Yawekwe baada ya mbio, ila kwa maumivu hayo yawe mafupi, na mahali pasipo na ngazi.