Mtoto kukojoa kitandani: maneno tunayoambiana Lubumbashi, na ukweli wake

"Ni uvivu, anafanya makusudi."

Mtoto amelala, makusudi atayatoa wapi? Usiku mwili hutoa homoni iitwayo vasopresini, ambayo hupunguza mkojo unaotengenezwa na figo. Kwa watoto wengine homoni hiyo bado haitoshi, au kibofu kinashika kidogo, na usingizi ni mzito hata kibofu kikijaa hawaamki. Fimbo haitibu lolote kati ya hayo. Kumtembeza na godoro lake mbele ya majirani ni kumtesa bure. Katika watoto 100 wa miaka 5, karibu 15 bado wanalowesha kitanda, na wengi huacha wenyewe kadiri wanavyokua. Tena jambo hili hurithiwa. Kabla ya kushika fimbo, muulize kambo, mama aliyemzaa baba yake, ni nani nyumbani alikuwa kikojozi.

"Alicheza na moto."

Moto na kibofu havijuani. Tunasema hivyo ili wasituchomee nyumba.

"Huyu ni mlozi, apelekwe kwenye maombi."

Hapa ndipo watoto wanapoumia kweli. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayomlinda mtoto katika Kongo, inaadhibu anayemsingizia mtoto ulozi. Wanaosema hivyo huuliza, "Mbona alikuwa ameacha, sasa ameanza tena?" Swali ni zuri, jibu ndilo baya. Mtoto aliyekuwa mkavu miezi 6 au zaidi kisha akarudia, muganga wa hospitali atatafuta maambukizi ya njia ya mkojo, kufunga choo, au jambo lililomshtua: msiba, wazazi kuachana, kukimbia vita. Na kama anakunywa maji bila kukata kiu, anakojoa mara nyingi na anakonda, huenda ni kisukari. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumfungisha kula siku tatu kwenye maombi kunaweza kumuua.

"Mnyime maji tangu mchana."

Hapana. Anywe vizuri asubuhi hadi alasiri, apunguze jioni, aende chooni kabla ya kulala. Chai ya majani ya usiku iachwe. Na tusisahau bitoyo: ukimpa bukari kwa samaki wa chumvi saa mbili usiku, atalala na kiu au atakunywa bidoni nzima.

Choo nacho tunakisahau. Utumbo uliojaa choo kigumu hukibana kibofu, kwa hiyo choo kitibiwe kwanza. Wako wanaopona kwa hilo tu.

"Dawa hakuna, ngoja akue."

Kabla ya miaka 5, ndiyo, ngoja. Baada ya hapo, hasa mtoto mwenyewe akiona haya, kuna matibabu. La kwanza si kidonge, ni kengele ndogo yenye kitambuzi kinachovaliwa kwenye chupi, inayolia tone la kwanza likitoka. Inatumia betri, kwa hiyo umeme wa SNEL ukikatika haijalishi. Majuma ya mwanzo mtoto haisikii. Mzazi ndiye anaamka, anamwamsha, wanakwenda chooni. Inataka miezi 2 hadi 3, na haiachwi mpaka apate usiku 14 mfululizo bila kulowesha. Kama theluthi mbili ya watoto hufaulu. Ubaya wake ni kwamba pale watoto wanne wanapolala chumba kimoja, wote wanaamka. Mama aliyechoka namwelewa akikataa.

Dawa iitwayo desmopresini hufanya kazi upesi, inafaa mtoto anapokwenda kulala kwa shangazi, lakini ikiachwa mkojo mara nyingi hurudi. Tangu saa moja kabla ya kuimeza hadi masaa 8 yapite asinywe ila maji kidogo sana, maana maji mengi hushusha chumvi ya damu, na ikishuka sana mtoto anaweza kupata degedege.

Imipramini ni ya zamani, na ni ya mwisho kabisa. Ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Usiinunue kwa kuambiwa na jirani. Na kama daktari ameiandika, ifungie kabatini, mbali na wadogo zake.