Nani alimpa bibi yako jina hilo?

Mwaka juzi tulipata mgeni nyumbani kwetu Tanga, mwenzangu wa kazi kutoka Nairobi. Alipofika Horohoro, pale mpakani, alipiga simu akasema yuko njiani na bibi yake. Mama yangu aliposikia hivyo alipangua kila kitu. Chumba cha karibu na choo kikaandaliwa kwa sababu mtu mzima huamka usiku, uji wa mchele ukabandikwa, na kile kiti chenye mto kikatolewa barazani. Gari likasimama. Akashuka dada wa miaka thelathini hivi, mkoba begani, akapiga shikamoo. Mama akaitika marahaba, akamshika mkono, kisha akachungulia ndani ya gari kumtafuta mzee.

Kwa Wakenya wengi bibi ni mke. Kwetu ni mama yake mama au mama yake baba. Mgeni wetu angetaka kumtaja huyo wa kwetu angesema nyanya, na hapo majirani zetu wengi wangedhani tumeletewa kitu cha kuungia mchuzi.

Kazi yangu ni kukusanya maneno ya ukoo. Nakwenda nyumba kwa nyumba na daftari, nauliza nani anamwitaje nani, halafu nafikisha nilichopata kwa watunga kamusi na walimu. Katika maneno yote ya ukoo, haya ya babu na bibi ndiyo yanayonishughulisha zaidi, kwa sababu hayafanani na mengine yanavyoenda.

Chukua neno mjukuu. Waganda husema omuzzukulu, Wanyarwanda umwuzukuru, Wachewa mdzukulu, Washona muzukuru, Wazulu umzukulu. Yaandike kwenye karatasi moja chini ya jingine, utaona ni neno lilelile, limesafiri na watu toka Ziwa Viktoria mpaka Afrika Kusini na kubadilika sauti kidogo kidogo njiani. Sasa geuza karatasi uandike yule aliye upande wa pili wa udugu huo. Mganda ana jjajja, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Mnyarwanda ana sogokuru na nyogokuru. Mgiriama ana tsawe na hawe. Mkikuyu ana guka na cũcũ, Mluhya ana kuka na kukhu, na Mkamba humwita bibi yake sũsũ. Ukivuka kwenda Komoro na Mayotte unakuta koko kwa bibi na bakoko kwa babu, na Kilingala nacho kina koko, ila huko ni wa jinsia zote mbili. Lubumbashi wanasema kambo. Mjukuu ni mmoja toka ziwani mpaka kusini, lakini wazee wake kila mahali wana jina lao.

Nilikaa na swali hili miaka kadhaa kabla sijaona kuwa maneno haya yanafanya kazi mbili tofauti. Kuna neno la kumtaja mtu asipokuwepo, na kuna neno la kumwita awepo. Mjukuu zaidi ni neno la kutaja. Mtoto mwenyewe ana jina, na bibi yake analitumia kutwa nzima kutoka jikoni hadi uani. Mzee ni kinyume chake. Kwetu mtoto hamtamki mzee kwa jina lake, ni utovu wa adabu, basi neno la ukoo ndilo linalobaki kuwa jina. Na wa kwanza kulitamka ni mtoto wa mwaka mmoja ambaye bado hana meno ya kutosha.

Ndiyo maana maneno haya yana umbo la kinywa cha mtoto. Ba-bu. Bi-bi. Nya-nya. Ko-ko. Sũ-sũ. Ja-jja. Silabi fupi, mara nyingi ileile mara mbili, na sauti zinazotoka kwa kufumba midomo au kugusa kaakaa. Mwanaisimu Roman Jakobson aliandika karibu na mwaka 1960 kueleza kwa nini mama na papa wanafanana katika lugha zisizo na udugu wowote. Hoja yake ni kwamba mtoto hutoa sauti zilizo nyepesi kwake, na wakubwa waliomzunguka wanazipa maana. Mimi naona mabibi na mababu ndio wanaoonyesha jambo hilo vizuri kuliko hata akina mama, kwa sababu kwao wakubwa hawana haraka ya kumsahihisha mtoto. Mtoto akimwita mama yake vibaya anarekebishwa. Akimkosea bibi, bibi anafurahi na jina linabaki.

Si lugha zote zinazofuata njia hiyo. Mjaluo husema dana na kwara, na ile sauti ya mwisho inabeba maana ya "wangu", yaani umiliki umeingia ndani ya neno. Sogokuru na nyogokuru za Kinyarwanda ni maneno yaliyojengwa na watu wazima: ile -kuru ya mwisho ndiyo -kuu yetu, ya ukubwa na uzee, kama sisi tunavyosema baba mkubwa.

Hiyo cũcũ ya Kikuyu nisiipite hivihivi, maana wengi hawajui kwamba wanaitumia kila siku. Herufi c katika Kikuyu husikika karibu na sh, na ile ũ yenye alama juu husikika karibu na o. Soma basi: shosho. Neno hilo limetoka mashambani likaingia Nairobi, likaokotwa na vijana wa kila kabila, na leo Mluhya aliyezaliwa Eastlands anaweza kumwita shosho mwanamke ambaye baba yake alimwita kukhu. Wenye Sheng wamelikata zaidi likawa shosh. Guka naye ana siri yake. Mkikuyu akikutana na silabi yenye k inayofuatwa na nyingine yenye k, t au c, ile k ya kwanza huilainisha ikawa g. Watu wa nje tunasema Kikuyu, wenyewe wanasema Gĩkũyũ. Wanaisimu wanaiita Kanuni ya Dahl, kwa jina la mmisionari aliyeiona kwenye Kinyamwezi. Ukiipitisha kanuni hiyo kwenye kuka ya Waluhya unapata guka. Yaelekea ni mzee mmoja, amevaa makoti mawili.

Bibi lenyewe si la Kibantu. Limetoka Uajemi, likaenea hadi Bara Hindi na kwetu kwa njia ya bahari, na kule lilikotoka ni mwanamke wa heshima. Unguja ya karne ya 19 ililitumia kwa mama mzaa mama, kwa mwanamke wa nyumba kubwa, na pia kwa yule mwenye watumwa, ambaye mtumwa alipaswa kumwita hivyo. Naliandika hili kwa uzito wake, kwani neno tunaloliona laini kama pamba limewahi kutamkwa na watu wasiokuwa na hiari. Kutoka hapo limetawanyika. Mabibi na mabwana tunalisikia kila sherehe. Bibi harusi anaweza kuwa na miaka ishirini na mbili. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa 1926, alikuwa na chini ya miaka thelathini alipoanza kuwaongoza akina mama wa TANU mwaka 1955, na hilo neno bibi kwake lilikuwa la heshima, halikuwa la wajukuu. Wakenya wakaipeleka heshima hiyohiyo kwa mke. Hakuna aliyekosea. Anayemwambia Mkenya kwamba "bibi yangu" si Kiswahili angemsikiliza kwanza Mzanzibari wa miaka mia iliyopita.

Kuna nyumba ambazo neno moja halitoshi. Wahindi wa Mombasa na Dar es Salaam wanaozungumza Kigujarati wanamtenga baba yake baba, ambaye ni dada, na baba yake mama, ambaye ni nana. Mtoto wa jirani akisikia mzee mwenye ndevu nyeupe anaitwa dada anaduwaa kabisa. Sisi utengano huo tunao pia, ila tumeuweka kwenye upande wa kutaja: bibi mzaa baba, bibi mzaa mama. Nayapenda maneno haya kwa jinsi yanavyomtambulisha mzee kwa tendo lake moja, la kuzaa. Lakini sijawahi kumsikia mtoto akiita "Bibi mzaa mamaaa!" kutoka barabarani. Kwenye kuita, kila nyumba inatafuta njia yake. Nyingi hutumia mahali: Bibi Moshi, Babu Kimara, Shosho wa Nakuru. Nyingine hutumia kitu. Korogwe nilimkuta mzee anayeitwa Babu Redio. Nikamwomba niione hiyo redio, akacheka akaniambia iliharibika kabla hata ya baadhi ya wajukuu hao kuzaliwa. Wadogo kabisa, nilipowauliza redio ni nini hapo, walinionyesha yeye.

Nimegundua pia kwamba ukiuliza vibaya unajibiwa vibaya. Zamani nilikuwa nauliza, "Hapa bibi mnamwitaje?" Swali lenyewe lina jibu ndani yake, wote walinijibu "bibi." Siku hizi nauliza hivi: mama yake mama akiwa uani nawe uko ndani na unataka aje, unatamka nini? Hapo ndipo mtoto anapaza sauti kweli, na mimi naandika nilichosikia. Na huanza na watoto. Wakubwa hunipa neno la shuleni.

Kuna upande mwingine ambao daftari langu limejaa, nao ni jibu la mzee. Mjukuu wa kiume akimwamkia bibi yake, katika nyumba nyingi za Tanzania haitikiwi "marahaba mjukuu wangu" peke yake. Anaitikiwa "marahaba mume wangu." Wa kike ni mke mwenza, na babu akiletewa maji anamshukuru mchumba wake. Mgeni anaweza kushtuka. Huo ni utani, na una mpango. Baba na mama wana kazi ya kuamrisha na kuadhibu, kwa hiyo kati yao na mtoto kuna woga kidogo. Mzee na mjukuu, waliorukana kizazi kimoja, hawana woga huo, wamewekwa upande mmoja kama watu wa rika. Kwa Wakikuyu mpango huo umefika hadi kwenye majina: mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba yake baba, wa pili la baba yake mama, na wasichana vivyo hivyo kwa mabibi. Baba akimbeba binti yake mchanga anambeba mama yake. Huku kwetu aliyepewa jina la bibi huitwa na baba yake "mama", na bibi humwita somo. Nimewahi kuona mtoto wa miaka minne akiambiwa na baba yake, kwa upole wote, "Mama, kula wali wako."

Heshima ya maneno haya inavuka ukoo. Mwaka 2011, maelfu ya watu walipomiminika kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, mchungaji mstaafu aliyekitoa aliitwa Babu na nchi nzima, hata na wazee wa umri wake. Na inavuka bahari. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya 1970 Oman ilipowafungulia mlango watu wenye asili yake, familia nyingi za Zanzibar zilihamia Muscat. Wajukuu waliozaliwa huko wanasoma kwa Kiarabu na wanafanya kazi kwa Kiarabu na Kiingereza, na wapo ambao Kiswahili chao kimebaki maneno ya kuhesabika. Bibi ni mojawapo.

Nyumbani kwetu neno lilikuja hivi. Mama alitaka nyanya, kwa sababu ndivyo alivyomwita bibi yake mwenyewe upande wa Vanga. Mjukuu wa kwanza, mtoto wa dada yangu, hakuiweza ile ny. Akasema Nana. Alipopata ulimi wa kusema nyanya alikuwa tayari ana mdogo wake, na mdogo amejifunza Nana kwake. Sasa wako tisa. Dada yangu naye aliacha kusema "mama" bila kujua, kwanza mbele ya watoto tu, "mpelekee Nana chai," halafu hata wasipokuwepo. Mimi nikafuata, na sikumbuki ni lini. Kwenye simu yangu, mama aliyenizaa nimemwandika Nana.