Sura ya kibaka ikoje?

Shahidi wa pili wa mashtaka alikuwa mama wa makamo, mwenye duka, kitenge kimemkaa vizuri. Kwenye maswali ya dodoso nikamuuliza alimtambuaje mteja wangu usiku ule umeme ukiwa umekatika. Hakusita: "Ana sura ya kibaka."

"Sura ya kibaka ikoje, mama?"

Akamtazama kijana kizimbani, kisha akanitazama mimi. "Kwani wewe huioni?"

Watu wakacheka, karani naye akacheka. Mimi sikucheka, ila nakiri kwamba nilipogeuka kumtazama mteja wangu, niliiona.

Kijana ana kovu linaloanzia sikioni hadi pembe ya mdomo. Aliangukia jiko la mkaa akiwa mdogo, na anayeijua baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba anajua jiko huwa linafanya nini ndani ya nyumba. Kovu limeuvuta mdomo upande, kwa hiyo hata akikusikiliza kwa adabu utadhani anabeua. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa haujaondoka mlima Loleza alipoteremshwa kwenye karandinga, amevaa shati la mikono mifupi alilokamatwa nalo. Mkanda alivuliwa kituoni siku ya kwanza na hakuuona tena. Akapanda kizimbani, mkono mmoja umeishikilia suruali isidondoke, mwili mzima unatetemeka. Ukiwa umekaa kwenye kiti cha hakimu, mbele yako yuko mtu aliyeshika kiuno, anabeua, tena anatetemeka. Jeuri na woga kwa wakati mmoja.

Nafanya kesi za jinai, na kwa muda sasa nimekuwa nikisoma tafiti za namna sura inavyoingia kwenye hukumu. Nyingi ni za Marekani. Unaojulikana zaidi ni wa Sigall na Ostrove, 1975. Watu 120 walisomeshwa maelezo ya kesi ya mwanamke kisha wakaulizwa wangemfunga miaka mingapi. Kosa likiwa kuvunja nyumba na kuiba, aliyeonyeshwa kwa picha ya mrembo alipata wastani wa miaka 2.8, na mwenye picha isiyovutia 5.2. Kosa likiwa utapeli, mambo yakageuka: mrembo 5.45, mwenzake 4.35. Maelezo yao ni kwamba tapeli mrembo anaonekana ameutumia uzuri wake kama nyenzo ya kazi, basi anaadhibiwa na huo uzuri pia.

Hao walikuwa watu wa kawaida kwenye jaribio. Mahakimu wenyewe je? Downs na Lyons, 1991, walichunguza kesi halisi za Texas: kwenye makosa madogo, kadiri mshtakiwa alivyovutia ndivyo faini na dhamana zilivyoshuka. Kwenye makosa makubwa uhusiano huo haukuonekana.

Ningepumua hapo, kama si utafiti wa Florida wa 2015. Wilson na Rule walikusanya picha za wafungwa 742 wa mauaji, nusu wamehukumiwa kifo na nusu kifungo cha maisha. Watu wasiojua chochote kuhusu picha hizo waliulizwa kila uso unaaminika kiasi gani. Waliohukumiwa kifo walipewa alama za chini zaidi. Wakarudia kwa watu waliokuja kugundulika hawakuwa na hatia kabisa, na matokeo yakawa yale yale. Kwa hiyo huwezi kusema ni uovu uliojichora usoni.

Wenzangu wa hapa huniambia hayo ni ya wenye jury, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi, sisi kesi huamuliwa na hakimu aliyesomea, tena lazima aandike sababu. Kweli. Na unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake haipungui miaka 30, mauaji ya kukusudia ni kifo. Uzuri wa mtu hauna pa kuchomekea hapo. Lakini kwa maoni yangu, adhabu ikishafungwa na sheria sura haiondoki mahakamani. Inasogea nyuma hatua moja, inakwenda kukaa kwenye swali la nani aaminiwe. (Kwenye wizi wa kuku na simu, ambako hakimu anachagua kati ya faini, huduma kwa jamii na kifungo, inabaki pale pale.)

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka hakimu aandike anachokiona cha maana kuhusu namna shahidi alivyokuwa akitoa ushahidi. Mshtakiwa akijitetea kwa kiapo, naye ni shahidi. Mahakama ya juu haimuoni, inasoma makaratasi, ndiyo maana huwa inamwachia aliyemuona. Sasa fikiria kwenye jalada kumeandikwa tu kwamba shahidi "alionekana kutokuwa mkweli". Baridi haimo. Mkanda haumo. Kovu nalo halimo. Jaji wa rufaa atajuaje?

Na lugha yetu inasaidia kuhukumu. Mtu asipolia tunasema ana macho makavu. Akilia, machozi ya mamba. Akikutazama usoni ni mjeuri, akiinamisha kichwa anaficha kitu. Mimi mwenyewe nimewahi kumsukuma mteja akubali kosa kwa sababu tu hakuonekana kama mtu aliyeonewa. Sijalisahau hilo.

Mahakama ya Rufani yenyewe imeshasema ukweli wa shahidi unapimwa pia kwa ushahidi wake kushikamana, na kwa kuuweka kando ya ushahidi mwingine. Na tangu hukumu yake ya 1980 kuhusu utambuzi, tunauliza: mwanga ulikuwaje, umbali gani, alimtazama kwa muda gani, alimfahamu kabla? Sura ya kibaka haimo kwenye orodha hiyo.

Basi siku ile nikasimama: "Mheshimiwa, naomba iandikwe kwamba mshtakiwa ameshika suruali kwa sababu hana mkanda, na anatetemeka kwa baridi." Mwendesha mashtaka akapinga, akasema hayo hayahusiani na kesi. Hakimu akatutazama wote wawili kwa muda, akaandika.

Kesi ilipoitwa tena nikampa mkanda wangu na sweta niliyoinunua mtumbani Mwanjelwa. Wakili mwenzangu mmoja aliniambia huko ni kumpaka rangi mshtakiwa. Nikamjibu kwamba suti yake yeye ni rangi pia, tofauti ni bei.

Kijana aliachiwa. Hukumu ilisimama kwenye mwanga: tochi ya simu, sekunde chache, mtu anakimbia. Mama yake alinishika mikono yote miwili nje ya mahakama, "Mwanangu, Mungu akuzidishie," nami nikabaki nasema asante mama, asante mama, huku yeye kijana ameshapanda bodaboda.

Mkanda wangu ameondoka nao.