Nadharia na vitendo: somo la sufuria ya maharage Mbeya

"Hiyo ni nadharia tu." Kauli hii tunaisikia kila siku, na neno "tu" ndilo linaloharibu.

Nadharia, neno lenye asili ya Kiarabu na mzizi wa kutazama, ni maelezo ya jinsi jambo linavyokwenda na kwa nini. Vitendo ni kulifanya jambo lenyewe, mahali ulipo, kwa vifaa ulivyo navyo.

Darasani tunafundishwa kwamba maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Siku ya praktikali, mwanafunzi wa Mbeya mjini anatumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayotokota: 94 hivi, na hakipandi tena hata akichochea moto. Wapo wanaofuta na kuandika 100. Inaniuma, maana walichokifuta ndicho walichotumwa kukitafuta.

Kitabu hakikudanganya, kilifupisha. Nadharia kamili inasema 100 kwa mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari, kama Dar es Salaam. Mbeya iko juu kwa mita 1,700 hivi. Huku hewa inayoyalemea maji ni kidogo, kwa hiyo hugeuka mvuke mapema, yakiwa na joto pungufu.

Ndiyo maana mgeni kutoka Pwani hulalamika kwamba maharage ya huku hayaivi. Mama yangu mdogo, mkazi wa Uyole, hakusoma habari za mgandamizo. Lakini huyaloweka usiku kucha, hufunika sufuria, na yakishatokota haongezi kuni, kwa sababu anajua hayataiva haraka zaidi. Kisha huchota punje mbili tatu kwa mwiko na kuzipuliza. Ganda likichanika na kujikunja, yamekaribia. Hubinya moja kwa kidole gumba, ikisagika bila kiini kigumu, anaweka chumvi.

Akihamia Kyela, bondeni kando ya Ziwa Nyasa, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 98 hivi, mazoea yake yatamponza: maharage yataiva mapema kuliko alivyozoea, naye atapika sufuria kadhaa za maharage yaliyopondeka kabla mkono haujazoea. Mwenye nadharia angelijua hilo kabla ya kuwasha moto. Ila hata huyo hana hesabu ya kumwambia kama maharage ya gunia hili ni mapya au yamelala ghalani tangu mwaka juzi. Hilo atalijua akichota punje na kupuliza.