Je, wajua? Kompyuta isiyo na mfumo inaweza kukusemesha

Mwalimu mmoja mstaafu alishuka kutoka Newala msimu wa korosho, akafika kwenye meza yangu ya ufundi hapa Mtwara mjini akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake. Haoni tangu utotoni. Mkobani alikuwa na laptopu ya mtumba aliyonunuliwa na wanawe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Naomba flashi ya Linux inayobuti. Mfumo usiniwekee. Nataka niuweke mwenyewe."

Linux ni mfumo endeshi, kama Windows, na flashi inayobuti ni ile inayoweza kuiwasha kompyuta yenyewe. Nikamweleza kwa heshima kwamba hilo haliwezekani. Aniachie mashine, nimpigie Linux, yaani nimsakinishie, nimwingizie kisoma skrini, yaani ile programu inayotamka maandishi, kisha kuanzia hapo ataendelea mwenyewe.

"Na ikigoma nikiwa Newala, nipande gari tena na mjukuu?"

Sikuwa na jibu. Mtu asiyeona atasakinishaje mfumo endeshi peke yake, wakati sauti inayomwongoza huletwa na mfumo huohuo? Tangu siku ile nimewauliza mafundi wenzangu wa hapa na wa Lindi, na karibu wote hujibu kama nilivyojibu. Kwa hiyo nianze na kosa lenyewe, maana ndilo linalowanyima watu flashi wanayostahili kupewa.

Hoja yetu ilikuwa hivi: kisoma skrini ni programu, programu haiendi bila mfumo, mfumo haujaingia, basi hakuna sauti. Ukiisikia mara ya kwanza unaona haina pa kuipasua. Lakini angalia kinachotokea unapopiga Windows au Linux. Umechomeka flashi, umewasha, na baada ya muda kuna picha inayokuuliza lugha, kishale cha mausi kinatembea, kwenye Linux hata Wi-Fi za jirani zimeorodheshwa, diski kuu imepimwa na ukubwa wake umeandikwa. Nani anafanya kazi hizo zote ikiwa mfumo haupo?

Mfumo upo. Umetoka kwenye flashi, umekaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na unafanya kazi kama mfumo wowote mwingine. Flashi ya Linux hupakia keneli kamili, ambayo ni kiini cha mfumo chenye uwezo wa kuongoza kibodi, diski, mtandao na pia kadi ya sauti. Flashi ya Windows nayo huendeshwa na Windows ndogo iitwayo Windows PE. Kilicho tupu ni diski kuu peke yake. Sisi mafundi tumezoea kuuhesabu mfumo kuanzia pale unapokaa kwenye diski, kwa hiyo tumeuona ukifanya kazi mbele ya macho yetu kila siku na bado tukasema haujaingia.

Kosa hili lina ndugu yake, nalo nililiamini pia: kwamba kisoma skrini hutazama kioo kama mtu anavyotazama, kwa hiyo kinahitaji kioo kizuri na kadi nzuri ya picha. Hakitazami chochote. Mfikirie karani anayeandikiwa barua kwa imla. Aliye nje ya chumba husubiri karatasi itoke ndipo asome. Aliyeketi karibu na karani huyasikia maneno yakitamkwa, hata karatasi ikipotea. Kisoma skrini ndiye huyo wa pili. Speakup, kinachokaa ndani ya keneli ya Linux, huyapata maneno yanapopelekwa kwenye skrini ya maandishi. Orca, cha kwenye madirisha ya picha, huiuliza programu yenyewe: kitufe hiki jina lake nani, kimebonyezwa au la? Ndiyo maana laptopu yenye kioo kilichovunjika huzungumza bila shida, na ndiyo maana pia kitufe kilichochorwa kama picha tupu, bila jina, humpita asiyeona kimyakimya.

Jambo hili si la jana. Klaus Knopper wa Ujerumani alitoa Knoppix, Linux yake inayowaka kutoka kwenye diski, mwaka 2000, na baadaye akaiongezea menyu ya sauti iitwayo Adriane, jina la mkewe, ambaye ana ulemavu wa macho. Apple waliweka kisoma skrini chao, VoiceOver, kwenye Mac mwaka 2005. Kwenye Windows za miaka ya karibuni, ukishika Ctrl, Windows na Enter kwa pamoja wakati wa kusakinisha, kisoma skrini chake, Narrator, huanza kusoma. Lakini nataka kukaa na Debian, mojawapo ya aina za Linux, kwa sababu ndiyo niliyompa Mwalimu, na kwa sababu ndani yake kuna ufundi uliopangwa vizuri mno.

Anayeijua Mtwara anajua kivuko cha Msangamkuu. Chukulia sherehe iko Msangamkuu, kikundi cha ngoma kiko ng'ambo ya huku mjini, na wewe unakisubiri ufukweni usiku bila kuona maji. Kwanza unakuja mtumbwi mdogo. Haubebi ngoma, haubebi wachezaji; umembeba mtu mmoja mwenye kipenga. Kivuko chenye kikundi kizima kinafuata nyuma.

Kompyuta huamka kwa mpangilio huo. BIOS, au UEFI kwa mashine mpya, ndiyo programu ya kwanza kuamka; hukaa kwenye chipu ya ubao mkuu na inajua mambo machache: kibodi, kioo, na namna ya kusoma mwanzo wa flashi. Kadi za sauti haizijui, kwani ziko za aina nyingi na kila moja inataka draiva yake, yaani programu ya kuiendesha. BIOS huita programu ndogo ya kubutisha, ile inayochora menyu ya kwanza. Hiyo nayo ni mtumbwi. Kazi yake ni kuileta keneli, na keneli ndiyo kivuko: humo ndimo zilimo draiva za sauti na Speakup, na pamoja nayo hupakiwa kitamkaji, programu inayogeuza maandishi kuwa sauti.

Basi kuna dakika nzima au sehemu yake ambapo asiyeona amekaa mbele ya mashine na hajui kitu. Je, flashi imesomwa? Menyu imefika? Au mashine imeganda? Hapa ndipo kipenga kinapohitajika. Kompyuta za tangu IBM PC ya mwaka 1981 zina njia rahisi ya kutoa mlio: chipu ya saa hupiga mapigo, spika ndogo hulia "pii". Haihitaji draiva ya kadi ya sauti. Kwenye msimbo wa ASCII, unaoipa kila herufi nambari yake na uliotolewa mwaka 1963, alama nambari 7 si herufi, ni kengele. Iliwekwa kwa ajili ya teletaipu, mashine za kutumiana maandishi kwa waya, zilizokuwa na kengele ya chuma ndani, ili mwendeshaji ajue ujumbe umefika. Watengenezaji wa diski za kubuti waliichukua alama hiyohiyo ya zamani na kuiweka kwenye menyu. Menyu ikifika, mashine inapiga hodi.

Ukisikia mlio kwenye flashi ya Debian, bonyeza herufi s, kisha Enter, na usakinishaji wa sauti unaanza. Na usipobonyeza kitu? Baada ya sekunde 30 sauti huanza yenyewe. Niliposoma mstari huo kwenye menyu, wa kumtaka mtu abonyeze kitufe la sivyo sauti itaanza, niliusoma mara mbili. Kwa miaka yote niliyopiga Debian nilikuwa nabonyeza Enter haraka, nisijue kwamba zile sekunde zinazohesabiwa zimetengwa kwa ajili ya mtu asiyeona. Anayeona ndiye anayetakiwa kunyoosha kidole. Asiyeona anatakiwa kungoja tu.

Kivuko kikifika bado kuna kazi. Kwenye Linux, njia za kadi ya sauti mara nyingi huamka zikiwa zimefungwa, kama ngoma zilizofunikwa turubai. Anayeona angeburuta kile kidude cha sauti hadi juu; asiyeona hakioni, kwa hiyo flashi lazima ifungue sauti yenyewe kabla ya kutamka neno la kwanza. Kisha kuna suala la mlango. Laptopu nyingi zina kadi mbili kwa hesabu ya kompyuta: moja ya spika zake na nyingine ya waya wa HDMI unaokwenda kwenye televisheni. Sauti ikiamua kutokea kwenye HDMI, inasemea televisheni ambayo haipo. Debian hutatua hili kwa njia ambayo hata mtoto angeielewa: hujaribu kadi moja baada ya nyingine kwa kusema, na ukiisikia, bonyeza Enter. Kadi uliyoisikia ndiyo yako.

Kitamkaji chenyewe ni eSpeak NG. Hakitegemei rekodi za maneno yaliyosemwa na mtu. Sehemu kubwa ya sauti hukitunga kwa kanuni, ndiyo sababu ni chepesi cha kuingia popote, na ndiyo sababu pia kinasikika kama bati. Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake. Sikio hukizoea, na wanaokitumia kila siku hukikimbiza kwa kasi ambayo mimi siambulii kitu.

Maswali ya kusakinisha nayo hubadilika sura. Badala ya madirisha ya kubofya, yanakuja mstari kwa mstari na majibu yana nambari: unasikiliza, unaandika 3, unabonyeza Enter. Mwenye kionyesho cha nukta nundu cha USB akikichomeka, Debian hukitambua na kumwandikia chini ya vidole kupitia BRLTTY, programu iliyoanza mwaka 1995. Ukimaliza, mfumo uliosakinishwa huamka ukiwa tayari unazungumza.

Sasa mipaka yake, kwa maana usimpe mtu flashi kwa ahadi isiyotimia. Laptopu nyingi za sasa hazina ile spika ndogo, kwa hiyo mlio unaweza usisikike. Hapo asiyeona asibonyeze kitu, angoje sekunde zipite. Baadhi ya laptopu mpya zina kadi za sauti zisizofanya kazi mpaka zipewe famuwea yao maalumu, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe, na flashi rasmi za Debian hazikuwa na famuwea za namna hiyo hadi toleo la 12, la mwaka 2023. Kwa hiyo flashi ya zamani inaweza kukaa kimya kwenye laptopu mpya bila kuwa mbovu. Na orodha ya BIOS ya kuchagua kubuti kwa flashi au kwa diski, kwenye mashine zote zilizopita mezani kwangu, haisemi neno. Mtumbwi haujaondoka bado.

Mwalimu aliporudi baada ya siku mbili tuliijaribu mashine yake pamoja. Haikulia. Tukangoja. Kisha sauti ya bati ikatoka kwenye spika, yeye akainua kiganja kunizuia nisiguse kitu, na akaanza kujibu maswali. Kwenye kugawa diski alisimama, akairudisha nyuma orodha, akaisikiliza tena yote, ndipo akachagua. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa.

Kilichobaki kilikuwa ile orodha ya BIOS. Tuliifungua mara tano, nikimsomea, yeye akihesabu kwa kidole mezani. Kisha akamtuma mjukuu atoe karatasi ngumu na kile kichuma chake cha kuandikia nukta nundu, akatoboa mstari mmoja: F12, mshale wa chini mara mbili, Enter, ngoja. Akaifunga karatasi hiyo na flashi kwa uzi, akaviweka mfuko wa shati, wakaenda kuwahi gari la Newala.