Mita sitini na shimo la mawese

Kisheria mimi ni mtaalamu elekezi wa mazingira. Kwa wakamuaji wa mawese wa Ujiji na vijiji vya jirani mimi ni "yule wa mita sitini". Nikishuka tu kwenye bodaboda, mtu mmoja huwahi ndani kuwaambia wenzake, na nikifika uwanjani nakuta sakafu imemwagiwa majivu mabichi na ndoo zimepangwa mstari. Nimeshazoea. Huwa naomba kiti, tunasalimiana, tunaulizana habari za mvua, kisha nazunguka nyuma ya kiwanda. Ninachokitafuta kiko huko.

Jina lenyewe limetoka kwenye kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Ndicho kifungu pekee ambacho kila mtu hapa Kigoma anakijua kwa tarakimu, hata asiyejua sheria yenyewe inaitwaje. Matokeo yake, mtu akishajenga mita 65 kutoka mtoni anaona amemaliza. Anachimba mfereji mdogo, anauelekeza bondeni, na majitaka yake yanatembea hizo mita 65 kwa dakika tano.

"Mwanangu, haya ni matunda na maji tu," aliniambia mama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha mashine moja ya kukamulia na mapipa manne ya kuchemshia. "Hatutii dawa yoyote. Sasa hapo sumu iko wapi?"

Hoja yake ni nzuri, na majibu tunayowapa watu kama yeye mara nyingi ni ya kitabuni. Kweli, hakuna sumu. Chikichi zinachemshwa, zinapondwa, zinakamuliwa, kile kimiminika kinachemshwa tena na mafuta yanaenguliwa juu. Kinachobaki chini ni maji ya kahawia, mazito kama uji mwepesi, yenye vipande vya nyama ya tunda, sukari, tindikali na mafuta yaliyoponyoka mwiko. Vijidudu vya majini vinaipenda sana karamu hiyo. Tatizo ni kwamba vikila vinavuta pumzi, na oksijeni vinayoivuta ni ileile anayoitegemea samaki.

Kipimo chetu cha jambo hili ni BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu vinahitaji ili kuumaliza uchafu. Unachukua maji, unayafungia kwa siku tano kwenye nyuzi joto 20, unaangalia oksijeni kiasi gani imeliwa. Kiwango cha taifa cha majitaka yanayoruhusiwa kuingia mtoni au ziwani ni miligramu 30 kwa lita. Maji machafu ya majumbani, pamoja na ya vyoo, kwa kawaida huwa kati ya 200 na 400. Majitaka ya mawese yanayotoka kiwandani bila kuguswa huzunguka 25,000. Yaani ili lita moja ya maji ya yule mama ifike 30 kwa kuchanganywa tu, itahitaji lita zaidi ya 800 za maji masafi. Kijito cha nyuma ya kiwanda mwezi wa Agosti hakina maji hayo hata ukikibembeleza. Na uchachu wake ni wa pH 4 hadi 5 (namba ikishuka, uchachu unazidi), wakati kiwango kinataka 6.5 hadi 8.5. Hilo la uchachu huwa namwonyesha mwenye kiwanda hapohapo: nachovya karatasi ya kupimia, inageuka rangi, naichovya nyingine kwenye ndoo ya maji ya kunywa, naziweka sambamba kwenye kiganja chake. Yule mama alizitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza kama ndiyo maana migomba ya jirani yake, pale mfereji unapoishia, imekauka kuanzia chini. Ndiyo maana. Mafuta na tope vinaziba udongo, mizizi inakosa hewa.

Hapa watu wa mazingira tuna tabia ya kukimbilia kusema ziwa linakufa. Mimi sisemi hivyo. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi mahali penye kina kirefu kuliko pote, na mapipa manne ya mama huyu hayaliui. Ila ukishuka mita mia moja hadi mia mbili na kitu, maji hayana oksijeni kabisa. Dagaa, migebuka na sisi sote tunaishi kwa kutegemea tabaka jembamba la juu. Tena maji ya ziwa hili hutoka zaidi kwa mvuke kuliko kwa mto Lukuga ulio upande wa Kongo, ambao ndio mlango wake pekee, na mvuke haubebi uchafu. Kinachoumia kwanza ni kijito, halafu mdomo wa kijito, halafu ghuba fupi ambamo samaki wadogo hujificha. Hapo ndipo uharibifu wa kiwanda kidogo unapoonekana kwa macho, na hapo ndipo wavuvi wanaanza kugombana na wakamuaji.

Sasa mita sitini. Nina kosa langu la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita nilimpimia mteja kiwanja karibu na mwalo mmoja kaskazini mwa mji. Ilikuwa kiangazi. Nilifunga utepe ukingoni mwa maji, nikavuta hadi kwenye kigingi chake, nikaandika mita 71, nikapiga picha. Ziwa likaja kupanda, kama lilivyopanda kwa wengi katika miaka hii kuanzia 2020 hivi, na shimo la majitaka nililomshauri achimbe upande wa chini likajaa maji ya ziwa. Kila kilichokuwa ndani kikatoka. Kwenye karatasi nilikuwa sahihi, kwenye ardhi yenyewe nilikuwa mjinga. Siku hizi sianzi na utepe. Naanza na mzee wa jirani: "Shikamoo, maji yaliwahi kufika wapi?" Wapo wanaokumbuka maji ya miaka ya 1960 na wanakuonyesha mwembe uliokuwa umezama hadi kiunoni. Ninapima kutoka kwenye mwembe huo.

Upande wa karatasi nitapita haraka, maana hapo hapana siri. Mradi mpya unasajiliwa NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kabla ya kujenga. Tangu marekebisho ya kanuni ya mwaka 2018 miradi imegawanywa: ile ya kundi A lazima ifanyiwe tathmini kamili ya athari kwa mazingira, B1 inaangaliwa kwanza ndipo iamuliwe, B2 ni midogo na huishia kwenye muhtasari wa mradi, na lipo kundi maalumu. Afisa mazingira wa halmashauri atakusaidia kujua uko wapi, na kumuuliza ni bure. Kiwanda ambacho tayari kinafanya kazi hakifanyiwi tathmini bali ukaguzi wa mazingira. Kisha kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, makao yake hapahapa Kigoma, na watu wengi wanaisahau. Kisima chako kinahitaji kibali cha kutumia maji. Mfereji wako unahitaji kibali kingine, cha kutiririsha majitaka. Ni vibali viwili tofauti, na cheti cha mazingira hakivifuti.

Malalamiko kwamba mlolongo huu ni mzito kwa mtu wa mapipa manne nayakubali. Lakini uzito mkubwa zaidi niliouona unatokana na mpangilio wa kazi. Mtu ananunua kiwanja, anamwaga zege, anafunga mashine, anaomba leseni, na mimi naitwa mwishoni kabisa, wakati kitu pekee ninachoweza kubadilisha ni rangi ya jalada la ripoti. Ningeitwa siku ya kuchagua kiwanja, saa mbili tu, ningeangalia mteremko, udongo, kisima cha jirani na mahali pa kuweka mashimo. Mtu aliyejenga kwenye mteremko mkali wenye kichanga atalipa kila mwaka kwa ajili ya siku ile moja.

Yule mama alikuwa na bahati: kiwanja chake kina mfinyanzi na nafasi upande wa nyuma. Tulianza na mtego wa mafuta, sanduku la zege lenye vyumba vitatu. Maji yanaingia chumba cha kwanza na kupita kwenda cha pili kwa chini, kupitia bomba lenye elbo (kile kiungo kilichopinda) iliyoinama, kwa hiyo mafuta yanayoelea yanabaki nyuma. Fundi wetu aliifunga elbo ikitazama juu. Siku nzima mafuta yakawa yanapita kwa heshima zote na sisi tumesimama tunashangaa. Tuliigeuza. Kosa la pili lilikuwa la joto: maji yakimwagwa yakiwa yanachemka, mafuta hayajitengi, yanapita yamechanganyika. Ikabidi liwekwe pipa la kupoozea kabla ya mtego.

Baada ya mtego yako mashimo mawili marefu yanayofuatana, ambamo maji hukaa wiki kadhaa vijidudu vikifanya kazi yao mbali na samaki. La kwanza linanuka, sitawadanganya, na ndiyo maana upepo nao unapimwa kabla ya kuchimba. Tope linachanganywa na makapi ya chikichi, linaoza, linarudi shambani. Makapi makavu na maganda ya mise, zile kokwa za chikichi, yanakwenda jikoni, na kuni alizokuwa akinunua zimepungua. Majivu ya mikungu mitupu ya chikichi yana potasi nyingi na yanapunguza uchachu wa maji, kwa hiyo hata yale majivu ya kupokelea wageni yamepata kazi ya maana.

Naandika haya sasa kwa sababu ya tenera. Tangu mwaka 2018 Serikali imelisukuma zao la michikichi hapa Kigoma, na kituo cha Kihinga cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kinazalisha mbegu ya tenera, yenye ganda jembamba na mafuta mengi kuliko dura, ile aina ya zamani ya bibi zetu. Michikichi hiyo huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Kwenye viwanda vikubwa, kila tani ya mafuta huacha nyuma tani mbili na nusu hadi tatu na nusu za majitaka. Miche imehesabiwa wilaya kwa wilaya, na mashine pia. Mashimo sijaona akiyahesabu mtu.

Nilipita kwa mama wiki iliyopita. Alikuwa ameinama kwenye chumba cha kwanza cha mtego na kata mkononi, anaengua. Ndoo ndogo ilikuwa imejaa hadi shingoni, mafuta machafu lakini mafuta, na kijana wa sabuni alikuwa amekaa pembeni akisubiri kuyanunua.

"Mwanangu," akasema bila kuinua kichwa, "haya yote nilikuwa nawapa migomba ya jirani?"